Sefu Imejaa

Jumamosi, katika duka moja la Roseville, hapa Marekani, nilisimama foleni nyuma ya mume na mke, Wakenya wenzangu, waliokuwa wakinunua sefu ya bastola. Walichagua ndogo, ya bei nafuu, inayostahimili moto. Yule mke akafungua bahasha ya kaki iliyotuna, akajaribisha kuingiza yaliyomo: vyeti vya uraia, hati ya ploti yao ya Kitengela kule Kenya, leseni yake ya unesi, vyeti vya shule tangu darasa la nane. Akavisukuma kwa kiganja. Mlango ulifungika kwa shida.

“Na bastola sasa?” akamuuliza mumewe.

“Si itabaki palepale juu ya kabati? Watoto hawafiki.”

Binti yao, wa miaka minane hivi, hakuinua macho kutoka kwenye simu. Alijibu kwa Kiingereza kwamba yeye hufika, akisimama kitandani.

“Nyamaza, wakubwa wanaongea,” mama akasema, akatoa kadi, akalipa.

Nilitaka kuwaambia neno. Kisha nikakumbuka sefu yangu mwenyewe, ilivyojaa karatasi mpaka juu, na bastola iliyo chini ya godoro.