Siku Niliyovuka Mchanga Bila Kushusha Mguu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni asubuhi moja ya kiangazi kule misitu ya Usinge, nikiwa kijana wa miaka ishirini na moja, sina mke, sina nyumba, nina baiskeli tu. Siisimulii kwa kupenda. Naisimulia kwa sababu Jumamosi iliyopita nilikaa ukingoni mwa ule mto mkavu huku kwetu Itetemia, nikawaangalia ninyi, wewe na wenzako, na baiskeli zenu za matairi manene.

Baiskeli nzuri, sitasema uongo. Tairi pana, upepo kidogo ndani, inapita juu ya mchanga kama inapita kwenye lami. Mnawapeleka wageni kwenye njia ya zamani ya misafara, ile ya kwenda Ujiji, wanapiga picha, wanafurahi, nanyi mnapata riziki. Hapo sina neno. Lakini nilimwona mmoja wenu ameanguka katikati ya mchanga, baiskeli imemlalia, anaita, "Oya, nisubirini." Wenzake wakacheka, hakuna aliyegeuza. Akainuka mwenyewe, akajikung'uta, akacheka naye. Kwenu ulikuwa mchezo. Mimi niliinuka nikaenda nyumbani, na chai niliyowekewa sikuinywa.

Shule niliiacha darasa la pili. Nyumba hii ya vyumba sita nimeijenga kwa asali na kwa mgongo wangu, sikumwomba mtu bati hata moja. Kwa hiyo mtanivumilia nikisema bila kuremba. Na habari ya matairi manene msinifundishe. Mimi nilikuwa nayo kabla baba zenu hawajaoa, na sikuletewa na mtu.

Wakati huo tulikuwa tunatoa asali porini kupeleka stesheni ya Usinge, mimi na mwenzangu mmoja anaitwa Kondo. Kondo alikuwa Mzaramo. Baba yake alikuja huku na kazi ya reli, akafia huku, mama yake akabaki nasi. Mimi ni Mnyamwezi. Sijui kama siku hizi mnafundishwa, lakini Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, tangu babu zetu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo mabegani. Mtani atakutukana mbele ya mkweo na utacheka. Atakuvua kofia barabarani na huna pa kushitaki. Na ukifa, yeye ndiye anayekuja makaburini kuwachekesha waliokuja kulia. Ndivyo tulivyokuwa mimi na Kondo. Sikumbuki kama tuliwahi kukaa siku nzima tukazungumza kama watu wenye akili timamu.

Kila baiskeli ilibeba madebe mawili ya asali kwenye keria. Njiani kulikuwa na mto mkavu kama huu wa kwetu, mchanga mtupu, hatua kama mia tatu kutoka ukingo hadi ukingo. Tairi la kawaida likiingia pale linazama, na mzigo ule ukilala huuinui peke yako. Kwa hiyo wabeba asali wote walikuwa na utaratibu wao. Mnashuka. Mmoja anashika usukani, mwingine anasukuma nyuma, mnavusha baiskeli ya kwanza, mnarudi wote wawili kuchukua ya pili. Hakuna anayepanda tena mpaka wa mwisho ametoka mchangani. Haukuandikwa popote, na hakuna aliyeuvunja.

Mimi nikauvunja, kwa sababu ya ujanja wangu. Nilikuwa nimeokota matairi makuukuu, nikayakata kingo, nikayavisha juu ya tairi zima, moja juu ya jingine, nikayakaza kwa mipira ya tyubu. Fundi chuma akanipanulia kwa moto uma wa mbele unaoshika gurudumu, na wa nyuma vilevile. Kisha nikapunguza upepo mpaka tairi likibonyezwa kwa kidole linabonyea. Nikalijaribu peke yangu kwenye mchanga, likapita. Siwezi kuwaeleza furaha yake. Nikawatangazia watu wote stesheni kwamba safari ijayo nitavuka ule mto na madebe mawili mgongoni mwa baiskeli bila kushusha mguu. Akina mama wauza chai wakanicheka. Mmoja akaniambia, "Ukivuka, uje unioe." Nikaona hiyo ni sababu ya kutosha.

Tulifika mtoni kama saa tatu asubuhi. Kondo akaegemeza baiskeli yake, akanishikia usukani kama kawaida.

"Achia," nikamwambia. "Leo nakwenda nimepanda."

"Na hii yangu?"

"Utaisukuma. Si una mikono?"

"Mnyamwezi amekataa kubeba mzigo," akasema. "Babu yako huko aliko anaficha uso."

Nikaingia mchangani. Ninyi mnajua jinsi ilivyo. Unakaa nyuma kidogo, unakanyaga bila kuachia, macho yako mbele. Ukigeuza shingo tu, gurudumu la mbele linakata upande, umekwisha. Nilikuwa karibu katikati nilipomsikia.

"Mnyamwezi, nakufa huku. Njoo unibebe."

Maneno hayo Kondo alikuwa anayasema kila safari. Akichomwa na mwiba, anakufa. Akikosa tumbaku, anakufa. Nikamjibu bila kugeuka, "Kufa haraka, nina safari." Nikakanyaga.

Akaita tena. Akaita mara ya tatu, jina langu safari hii, jina langu tupu, bila Mnyamwezi. Niliona tofauti hiyo, mwanangu, sikuwa kiziwi. Lakini zilikuwa zimebaki hatua hamsini, na mguu wangu ulikuwa haujagusa chini.

Nikatoka ng'ambo, nikapiga kengele, nikaendelea moja kwa moja hadi stesheni. Nikasimulia. Nikanunuliwa chai na maandazi, nikarudia kusimulia kwa waliochelewa. Kila nikitazama njia, Kondo hayupo, nikasema moyoni amechukia, anasukuma polepole ili anikomoe. Saa saba nikapanda kurudi, na hata wakati huo nilikuwa natunga maneno ya kumkejeli.

Baiskeli ilikuwa imemwangukia akiwa ndio kwanza ameingia mchangani. Paja lilikuwa limevunjika chini ya madebe. Debe moja lilipasuka mshono, asali ikammwagikia kifuani na shingoni, na asali iliyo wazi msitu ule haikai peke yake. Nyuki walikuja. Mtu aliyelala chini ya mzigo akipunga mikono, nyuki hawamchukulii kama mtu aliyelala. Nikawasha majani mabichi, nikamzungushia moshi, nikaondoa madebe. Uso ulikuwa umevimba hata nisiweze kujua macho yalipo. Yule mtu ambaye hakuwahi kukosa la kusema hakusema neno, midomo haikuweza.

Nikamfunga kwenye keria yangu kwa kanga iliyokuwa imefungia chakula chetu, nikamvusha. Baiskeli haikuzama hata kidogo. Ilipita vizuri kabisa, kama nilivyoitengeneza.

Alikufa siku ya pili, zahanati.

Tulimzika Usinge. Kaburini watu wakanitazama, maana mtani pale ni mimi. Ilikuwa kazi yangu kuzuia jeneza, kudai kwamba marehemu ana sigara yangu, kujilaza kaburini niseme mpangaji amekosea nyumba. Watu wanangoja hayo, mwanangu, yanawapa pumzi. Nikasimama pale nimeshika koleo kama watu wengine. Shehe akasubiri kidogo kwa heshima, kisha akaendelea.

Baadaye mama yake Kondo akaniita kibarazani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, na kwa utani alikuwa amemzidi hata mwanawe. Alikuwa akiniona tu anauliza nani amemfungulia huyu mnyama. Siku hiyo aliniambia nikae.

"Mbona hukutania?" akauliza.

"Nimeshindwa, mama."

"Kwa nini?"

Hakuna aliyekuwa anajua. Ningeweza kusema ni uchungu, na ungekuwa ukweli nusu. Nikamwambia. "Aliniita. Nikadhani ni utani."

"Alikuita mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Wewe uligeuka mara ngapi?"

"Sikugeuka, mama. Ningeanguka."

Akavuta uzi kwenye upindo wa kanga yake. Mimi nilikuwa nataka anipige. Nilikuwa nataka anilaani, nijue nimelipa.

"Ungeanguka," akasema. "Kwenye mchanga." Kisha akasema, taratibu kabisa, "Basi, baba, mimi na wewe utani umekwisha. Kuanzia leo niamkie kama watu wengine wanavyoniamkia."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilimjengea choo, nilimpelekea mahindi kila mavuno, na alipokea, alishukuru kama mtu anavyomshukuru jirani. Nilikuwa nikimkuta njiani nasema, "Shikamoo, mama." Anasema, "Marahaba, baba." Anapita. Siku moja nilimkuta sokoni anamtania Mnyamwezi mwingine, kijana mdogo tu, anamwambia arudishe meno ya watu aliyoazima, na soko zima linacheka. Aliponiona akaacha, akangoja salamu yangu. Nikamwamkia. Akaitikia.

Yale matairi niliyachoma siku ileile ya mazishi, kama vile makosa yalikuwa yao. Ujinga mwingine huo. Tairi halikufanya kosa lolote.

Sasa nawaambieni, na sitawaambia mara mbili kwa sababu koo linaniuma. Endesheni baiskeli zenu. Sikuja kuwazuia. Lakini mwenzako akiita kutoka nyuma, shusha mguu. Shusha hapo hapo ulipo, hata kama zimebaki hatua tano, hata kama mgeni anapiga picha, hata kama msichana yuko ng'ambo anakutazama. Utaanguka, mchanga utakuingia masikioni, watakucheka hadi Ijumaa. Geuka, umwone kwa macho yako. Kama alikuwa anatania, mtukane, mcheke wote wawili, mwendelee. Usikae wewe huko mbele ukimwamulia kwamba anatania. Huyo aliye chini ya baiskeli ndiye anayejua, wewe hujui. Na msianze safari ya mchangani bila kukubaliana kwamba hakuna anayeondoka mpaka wa mwisho ametoka. Mkikubaliana, mkivunja, mjue mmevunja. Msije mkasema hamkuambiwa.

Mimi ni mzee, sina utajiri wa kuwaachia zaidi ya haya. Mungu awalinde kwenye njia zenu zote, za lami na za mchanga. Awape wenzenu wanaogeuka mkiwaita, na awafanye ninyi kuwa wenzao wa namna hiyo. Mzeeke mkiwa na watu wa kuwatania, na siku yenu ikifika, asikosekane wa kuwachekesha watakaowazika. Amina.