Sauti ya Babu na Wimbo Usio Wetu

Sisi tuliokulia mtaa wa Free Area wakati wa diski moja yenye filamu ishirini tuliamini kwamba muuza diski ana kila kitu duniani. Filamu za karate, za Kinaijeria zenye sehemu ya kwanza hadi ya tano, katuni, zote alikuwa nazo. Diski ikikwama tuliipumulia, tukaipangusa kwa fulana, na mara nyingi ilikubali. Watoto wa leo, video ikizunguka kidogo tu, wanaona maisha yameisha.

Kitu kimoja hakikupatikana: kichekesho cha zamani cha televisheni ambacho babu, baba yake Mama, aliigiza mlinzi wa lango. Babu alifariki kabla hatujazaliwa. Mama alitaka tumsikie akiongea, hata mara moja.

Mwaka wa 2007 tukasikia kwamba Mzee Wanyoike, aliyetengeneza kipindi hicho, anaishi Kiamunyi na anataka kukitoa kwa diski. Mama akatupeleka. Mzee alitupa chai na mkate, kisha akatueleza polepole kwa nini kazi ilikuwa ngumu. Kanda zilikuwa ghali, kwa hiyo nyingi zilifutwa ili yarekodiwe mambo mengine juu yake. Zilizobaki zilikuwa nene kama kamusi, wala hazikuingia kwenye deki ya nyumbani ya kuchezea kanda. Tena kila mwigizaji, au jamaa zake, ilibidi akubali upya. Mama alikubali papo hapo kwa niaba ya babu.

Ndipo Mzee akafikia shida ya babu hasa. Babu aliongea katika onyesho moja tu, na hapo redio yake ilikuwa ikicheza wimbo wa ng'ambo. Wenye wimbo walitaka malipo ambayo Mzee hangeyaweza. Sauti na wimbo vilirekodiwa pamoja. Ukifuta kimoja, umefuta vyote.

Mjomba Kibe, mdogo wake Mama, akacheka. "Mzee, weka tu. Nani atatoka ng'ambo aje kutushtaki Free Area?"

"Kijana, kila siku nawalilia hawa wauza diski wa vibandani, wananakili kazi zangu na kuniibia," Mzee akasema. "Nikiiba mimi, nitamlilia nani?"

Hata nakala ya nyumbani alikataa kutupa, akihofia kesho itakuwa kwenye kila kibanda. Alimpeleka Mama kwenye duka la video mjini, akamchezea kanda mara moja. Mama alirudi na macho mekundu. Wakaafikiana kwamba Mjomba ayaseme maneno ya babu, yawekwe juu ya picha.

Fujo za baada ya uchaguzi, mwanzo wa 2008, zilifunga duka hilo la video. Amani iliporudi, diski ikatoka, na majirani wakajaa sebuleni kwetu, hata wale tuliokuwa tumeogopana. Mdomo wa babu ulifunguka, sauti nzito ya Mjomba ikafuata, imechelewa kidogo. Tulicheka hadi tukalia.

"Angalau alizaa wa kumsemea," Mama akasema.

Kwa miaka mingi nilimjua babu kwa sauti hiyo. Kisha mwezi uliopita dada yangu kitinda mimba, ambaye Mama humgombeza kwa kushinda na simu, aliuliza kama kanda bado ipo. Ilikuwepo, watoto wa Mzee waliitunza. Akatueleza kwamba siku hizi kompyuta inaweza kutenganisha sauti na wimbo, na watoto wa Mzee wakamruhusu ajaribu.

Tukamketisha Mama. Redio ya mlinzi ikawa kimya, na mwanamume akaongea kwa sauti nyembamba, ya haraka, kama mtu anayekimbilia basi. Nilidhani tumekosea.

Mama alifumba macho. "Ndiye," akasema. "Hakuwahi kungoja mtu amalize."

Sasa kipindi kinaweza kutoka upya, babu akijisemea mwenyewe. Siku hizi kila mtu hutazama lake peke yake, masikio yameziba. Sijui kama majirani watakuja kujaa tena sebuleni kama zamani, lakini nimeanza kuazima viti.