Mtani wa Babu Masolwa

Babu yangu Masolwa alikuwa na sugu kwenye bega la kushoto, ngumu kama kisigino. Aliipata kwa kubeba mizigo ya watu kutoka Tabora hadi pwani, kabla treni haijafika kwetu. Tulipokuwa watoto tuliigonga kwa kidole na kupiga hodi, naye akaitikia kwa sauti ya kike, "Nani? Mwenye nyumba kaenda Bagamoyo!"

Nimeishi miaka mingi, nimewaona wakubwa na vyeo vyao, lakini hakuna aliyenistaajabisha kama mzee yule. Harusini alifika kabla ya bwana harusi. Kiangazi kikali alitembea na mwavuli uliofungwa; ukimuuliza, anasema hata mwavuli una haki ya kutembezwa. Bibi yangu Pelagia alilalamika kwamba ameolewa na ngoma, kisha akacheka mwenyewe mpaka akakaa chini.

Mtani wake alikuwa Mzee Mfaume, Mzaramo, fundi cherehani wa Gongoni, mjini Tabora. Walikutana wakati wa vita ya Mjerumani, wote wawili wamekamatwa kubeba mizigo ya jeshi. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara: tunatukanana, tunanyang'anyana, na kukasirika ni mwiko. Msibani ndipo mtani ana kazi yake hasa. Wafiwa wanalia, yeye anawachekesha. Mtani halii.

Mke wa Mzee Mfaume alipofariki, mume alikaa siku mbili bila kutia kitu kinywani. Babu akaenda, akajilaza kwenye kitanda cha marehemu, akakataa katakata kuondoka mpaka aletewe ugali, huku akimsimanga marehemu kwa mchuzi wake wa maji matupu. Nilidhani atapigwa. Mzee Mfaume alicheka, akanawa mikono, wakala sahani moja. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu.

Basi babu alikuwa akituambia, "Siku yangu ikifika, msinifukie kabla Mfaume hajanitukana. Nikizikwa kimya kimya nitadhani mmenizika kwa makosa."

Alifariki masika ya mwaka 1949, kijijini kwetu karibu na Kipalapala. Baba yangu, Eustace, alikuwa katekista, mtu wa kola iliyopigwa pasi na maneno machache.

"Baba alibatizwa," alisema. "Atazikwa saa sita, kwa sala. Sitaki vichekesho kaburini."

Bibi hakubishana naye. Alinivuta chumbani, akanishika mkono kwa nguvu. "Mjukuu wangu, nenda Gongoni. Kamwambie Mfaume. Mume wangu hawezi kuondoka hivi." Nilikuwa nimeolewa mwaka uliotangulia, lakini hasira za baba nilizijua bado. Nilikwenda mbio.

Mzee Mfaume alikuwa barazani anashona.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mtumwa wangu. Mbona unahema, Wanyamwezi miguu mmeiuza?"

Nikamwambia. Alisimamisha cherehani, akakata uzi, akavaa kofia yake. Tukaondoka.

Tulikuta jeneza liko kando ya kaburi na baba amekwisha kuanza sala. Mzee Mfaume alipenya katikati ya watu, akavua makubazi, akateremka shimoni na kulala chali.

"Nani kampa Mnyamwezi ruhusa ya kulala mchana?" alipaza sauti. "Mwekeeni mzigo begani, mtaona atakavyoinuka! Na shimo lenyewe fupi. Miguu yake itatokeza nje, wapita njia wajikwae!"

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akaziba mdomo kwa kanga. Bibi Pelagia akacheka wazi wazi, na hapo watu wote wakaangua kicheko. Baba alikuwa amekunja uso, kitabu cha sala wazi mkononi. Mzee Mfaume akainuka, akaigiza babu akipanda mlima na mzigo, akihema na kuulaani, watu wakazidi kucheka.

Kisha akanyamaza. Akageukia ukuta wa kaburi, mabega yakawa yanamtikisika. Tukaendelea kucheka, tukidhani ni mchezo. Haukuwa mchezo. Mzee wa watu alikuwa analia kwa kwikwi, udongo umemganda shavuni. Mtani akilia, nani atamchekesha? Wachimbaji wakatazamana. Jeneza haliwezi kuteremshwa juu ya mtu aliye hai.

Ndipo baba alipofunga kitabu. Akampa bibi akishike. Akateremka kaburini na koti lake la Jumapili, na mimi nikafumba macho nikisema moyoni leo mzee wa watu atatolewa kwa nguvu.

"Wee Mzaramo!" Sauti ya baba sikuwahi kuisikia hivyo. "Toka ndani ya nyumba ya baba yangu! Huko kwenu ardhi imekwisha, mpaka mnakuja kupora makaburi ya Unyamwezi?"

Nilimwogopa baba yangu saa ile kuliko siku zote alizowahi kunichapa, na nilimpenda vilevile.

Mzee Mfaume akainua uso. "Nani huyo ananitukana?"

"Mimi. Eustace wa Masolwa."

Akamtazama toka viatu mpaka ile kola. Kisha akamnyooshea mkono. "Haya, nivute basi, mtumwa wangu."

Baba akamvuta, wakatoka wote wawili wamejaa udongo. Mzee Mfaume akawageukia wachimbaji.

"Mleteni sasa," akasema. "Nimepata mtani mwingine."