Ngozi Niliyoiondoa na Kifo Nilichokiazima

Ipo siku moja ambayo sijaisahau, mwanangu, wala sitaki kuisahau: siku niliyomlilia shangazi yangu kwa sauti, naye akaniitikia "Abee!" kutoka chumbani kwangu.

Nakuandikia kwa sababu mwezi uliopita tulimzika kweli. Matanga yameanuliwa, nyumba imetulia, na mimi si mtu wa kulia sana mbele za watu. Kilio changu ni hiki ninachokiandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo usitafute maneno makubwa humu. Utapata ukweli tu, na ukweli wenyewe unaanzia tumboni.

Nilipokuwa na miaka thelathini na kitu, hapa Itigi, nilikuwa mnene kupita kiasi. Sisemi ule unene wa kusifiwa harusini. Nikipanda treni, watu wawili walinisukuma kutoka nyuma. Nilikuwa nauza asali karibu na stesheni, na kutwa nzima nilikaa kwenye benchi nikila vya kukaanga. Sukari ikanipata, presha ikafuata. Mganga wa zahanati akaniambia, "Mama Daudi, mwili huu utakuzika mapema." Nikaogopa. Nikaacha soda, nikapunguza ugali, na kila alfajiri nikawa natembea kando ya reli hadi shambani na kurudi. Miaka miwili, mwanangu. Wanasema haba na haba hujaza kibaba; mimi nilijifunza kwamba haba na haba hukipunguza pia.

Unene ukaondoka, ngozi ikabaki. Hilo hakuna aliyeniambia mapema. Tumbo lilining'inia kama aproni hadi mapajani. Chini ya ule mkunjo jasho lilikaa, na kwa joto letu hili pakawa na vidonda visivyopona. Nilipaka asali, nikapaka poda ya mtoto, nikajifunga kanga kwa nguvu kama mzazi aliyetoka kujifungua. Kidonda kilipona Jumatatu, Alhamisi kikarudi. Nami sitakuficha: si vidonda tu vilivyonisumbua. Nilitaka pia gauni linikae. Nilikuwa nimeutolea jasho mwili ule miaka miwili, lakini kwenye kioo nilimwona mtu aliyevaa ngozi ya mwenzake.

Mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyesikia kwamba Dar es Salaam wapo madaktari wanaoondoa ngozi ya namna hiyo. Tukauza ng'ombe wawili, tukapanga safari. Mpaka hapo sikuwa nimemkosea mtu.

Kosa langu lilianzia kwenye haya. Nilipokuwa napungua, mtaa ulishanizushia maradhi mabaya. Wengine walikuja kununua asali ili wanitazame shingo. Nikajiuliza, hawa wakisikia nimekwenda kukatwa tumbo watasema nini? Mke wa mtu, mama wa watoto watatu, anakwenda kuchongwa kama kinyago! Basi nikatafuta sababu ya kutoonekana wiki tatu. Na wewe unajua, huku kwetu kuna neno moja ukilitaja hakuna anayekuuliza zaidi: msiba.

Nikamwendea jirani yangu, Mama Zuhura, aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kuzikana. Nikamwambia shangazi yangu wa Kilimatinde amefariki.

"Yule aliyekulea?" akauliza.

"Huyohuyo."

Akajishika kichwa. Machozi yakamtoka papo hapo, na mimi mwenye msiba macho makavu. "Nenda, mama," akasema. "Watoto niachie mimi. Hata usifikirie kupika."

Mwongo mwenye akili angemuua mtu wa mbali. Mimi nilimuua mtu wa safari isiyofika siku moja, tena mwenye afya kunishinda.

Upasuaji wenyewe sitausema vibaya. Daktari alikuwa kijana mpole, akanipima sukari kwanza, akauliza kama uzito wangu umetulia au bado unapanda na kushuka. Akaniambia, "Mama, mimi sipunguzi unene. Wewe ulishaupunguza mwenyewe. Mimi naondoa ganda." Akanionyesha kwa kidole kovu litakapopita, kutoka nyonga hii hadi ile, ili nisije nikasema nimedanganywa. Nilipoamka nilikuwa na mirija miwili ya kutoa maji ya kidonda, na mkanda mpana umenibana tumbo. Iliuma, nisikudanganye. Nilikaa kwa shemeji yangu Dar nikitembea nimeinama kama anayetafuta sindano chini. Daktari alinikataza kubeba kitu chochote kizito kwa muda wa wiki sita. Nikaitikia, bila kufikiri ndoo ya nyumbani kwangu ataibeba nani.

Huku nyuma, kikundi kilifanya kinachofanywa na kikundi. Siku ya tatu, watoto wangu wakiachwa kwa jirani mwingine, wanawake tisa na Mama Zuhura mbele walipanda treni hadi Manyoni, na kutoka pale wakadandia lori hadi chini ya kilima cha Kilimatinde, na unga wao, na mafuta ya alizeti, na gunia la vitunguu. Simu wakati ule zilikuwa za kuhesabika, nani angewaambia? Walipoanza kupanda kile kilima wakaanza kulia, kama desturi. Shangazi alikuwa uani anaanika alizeti. Akasikia kilio, akavuta kanga yake, akaungana nao. Akatembea nao akilia, maana kwa Shangazi kilio hakikuwa na mwenyewe. Walipokaribia kisima ndipo akamuuliza Mama Zuhura, "Jamani, nani kaondoka?"

"Ni bibi mmoja wa hapa, shangazi yake Mama Daudi wa Itigi. Alikuwa anakaa karibu na kisima."

"Anayekaa karibu na kisima ni mimi," Shangazi akasema.

Mama Zuhura aliniambia baadaye kwamba unga ulimdondoka kichwani.

Mimi sikujua lolote. Treni yetu iliingia Itigi asubuhi, jua limeshapanda. Nilikuwa nimejifunga kanga nyeusi kichwani, natembea nimeinama kwa mshono, na moyoni nikafurahi kwamba kuinama kule kutaonekana ni majonzi. Nikawakuta wanawake wameketi kwenye mikeka uani kwangu. Nikasema hii ndiyo zamu yangu. Nikapaza sauti, "Shangazi yangu jamani! Umeniacha na nani, Shangazi!"

"Abee!" sauti ikaitikia chumbani. "Niko huku, nakuja. Ngoja nifunge kanga vizuri."

Akatoka. Kumbe alirudi Itigi na wanawake wale, akakaa kwangu akinisubiri. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, lakini yangu siku ile ilikuwa fupi kuliko zote: kutoka mkekani hadi mlangoni.

"Endelea kulia, Mama Daudi," Mama Zuhura akasema bila kunitazama. "Sisi tulishalia. Tulilia njia nzima."

Sikujua nifanye nini, nikafanya nililofundishwa tangu utoto. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kumbe siku hizi hata marehemu huamkiwa."

Hakuna aliyecheka. Mume wangu akaweka mzigo chini, akatazama viatu vyake. Alikuwa amenionya njiani kote.

Shangazi akanishika mkono, akaniingiza ndani, akanifunua kanga. Akauona ule mkanda, na kipande cha bandeji kilichochungulia chini yake. Akakaa kitandani. Nilijua atanitukana, nikawa tayari. Badala yake akauliza, "Vidonda vile vya jasho vimeisha?"

"Vimeisha, Shangazi."

"Basi vizuri." Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Mwili ni wako. Nani alikukataza? Ungeniambia, ningekuja kukufulia bandeji. Lakini kifo changu ni changu, mwanangu. Nina kimoja tu. Umekiazima bila kuniomba, ukakitumia, ukakichakaza. Sasa siku nikifa kweli, hawa wanawake nani atawapandisha tena kile kilima?"

Mficha maradhi, kifo humfichua. Mimi nilificha uponyaji, na kifo hichohicho kikanifichua.

Akaniambia nitoke niseme mwenyewe. Nilijitetea kwamba naona haya. "Haya ulikuwa nayo tangu mwanzo," akanijibu, "na ndiyo iliyoniua. Toka."

Nikatoka. Nikasimama mbele ya wanawake wale tisa nimeinama, nikawaambia yote: ngozi, vidonda, harufu niliyokuwa nikiificha kwa poda, na lile gauni. Nikamwomba Mama Zuhura msamaha kwa jina lake. Mmoja nyuma kule akasema, "Basi tuonyeshe hilo tumbo lililomuua bibi wa watu!" Hapo ndipo vicheko vikatoka. Nikawaonyesha mkanda. Walisogea, wakagusa, mwingine akaniuliza kwa sauti ya chini kama wanaondoa na ya mikononi. Wale niliowaogopa miaka yote, kumbe nao walikuwa na maswali yao.

Mama Zuhura hakucheka. "Nililala na wanao kitanda kimoja," akasema, "nikawafundisha kumwombea marehemu." Maneno hayo yaliniuma kuliko mshono.

Kikundi kikanipiga faini, na faini ya kikundi chetu si mchezo: mwaka mzima, kila msiba utakaotokea, maji ya kupikia nichote mimi. Nikakubali. Ndipo mume wangu akakohoa, akasema daktari amenikataza kubeba ndoo. Wakatazamana. Mama Zuhura akainuka, akachukua ndoo yangu mlangoni, akaenda bombani. Kesho yake akaja mwingine. Wiki zote zile nilichotewa maji na watu niliowadanganya, na kila ndoo ilipotuliwa mlangoni nilitamani kuingia chini ya kitanda. Jeraha lilipopona, nikaanza faini yangu. Nilichota mwaka mzima, sikukosa msiba hata mmoja. Nilipomaliza, Mama Zuhura akasema, "Sasa njoo ukae mkekani." Hivyo tu. Lakini nilijua bado moja limebaki, lile swali la Shangazi.

Aliishi miaka mingi. Kila nilipokwenda kumsalimia Kilimatinde aliniuliza mlangoni, "Umekuja kunizika, au kunisalimu?" Nikacheka naye, lakini lile swali jingine sikulisahau. Mwezi uliopita nilikuwa nimemshika mkono alipokata roho. Nikamfumba macho, nikatoka uani, nikapiga simu Itigi.

"Mama Zuhura, Shangazi ametutoka."

"Yule aliyekulea?"

"Huyohuyo."

Nikangoja acheke, au aniulize kama nina hakika. Angekuwa na haki. Badala yake nikasikia analia. Safari hii nami nilikuwa nalia.

"Tunakuja," akasema.

Wakaja. Wengine sasa wanatembelea fimbo. Walipanda kile kilima na unga wao na vitunguu vyao, wakaanza kulia palepale walipoanzia siku ile, na mimi nikashuka kuwapokea.

Mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Kama umepungua na ngozi imebaki, usione haya kutafuta tiba. Mimi kovu langu ninalo, limepauka, na sijalijutia hata siku moja. Subiri kwanza uzito utulie na maradhi yadhibitiwe. Nenda hospitali kwa daktari bingwa, si kwa wanaodunga sindano vyumba vya nyuma vya saluni. Muulize kovu litapita wapi, na hatari ni zipi, na utakatazwa nini ukirudi. Usimwache mtu akuambie ni majivuno. Na ikiwa kidogo ni majivuno, kubali, ni yako. Lakini mficha uchi hazai. Mwambie ukweli walau yule atakayekuchotea maji. Na ukihitaji kujificha nyuma ya kitu, usijifiche nyuma ya kifo cha mtu, maana machozi ya majirani ni akiba ya siku ambayo huijui, na ukiyatumia kwa uongo huenda usiyakute.

Mungu akupe mwili utakaoridhika nao, na majirani watakaoliamini neno lako. Siku yako ikija, ikukute mzee umeshiba miaka, na watakaopanda kilima kukulilia wapande bila kusitasita. Amina.