Niliutungia mji mdogo wa Marekani historia nikiwa parking ya Riyadh, wenyewe wakaiamini

Wakuu, salamu zenu.

Nianze na kosa, ili msinisome mkidhani mimi ni mtaalamu. Mwaka wangu wa kwanza Saudia niliandika uongo wa sentensi mbili kuhusu mji wa Marekani ambao sijawahi kuukanyaga. Nilidhani hakuna atakayesoma.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Jina la mji nalificha kwa sababu wenyewe hawajanituma.

Nilikuwa house driver Al-Malqa, Riyadh. Mimi ni Mkenya wa Ukambani. Kazi ya dereva wa nyumbani, kusema kweli, ni kungoja. Unampeleka madam dukani, unangoja. Unapeleka watoto shule, unangoja. AC inanguruma, wewe na simu yako.

Nikajifundisha kuandika makala za Kiingereza. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa nanakili makala za watu kwenye daftari, kwa kalamu, mpaka nione zimeundwaje.

Website moja ikanichukua. Walitaka maelezo mafupi ya miji midogo ya mashambani huko Marekani: ulianzaje, una watu wangapi, wanaishi kwa kazi gani.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Idadi ya watu nilikuwa naihakiki mara tatu, na nikifika nyumbani naihakiki tena. Koma ikikaa vibaya, chakula hakipiti.

Siku moja nikapewa mji wa wakulima wa ngano. Watu hawafiki mia tatu. Kanisa, shule, ghala la nafaka, barabara mbili. Idadi niliipata bila shida, na ilikuwa inashuka kila walipohesabiwa.

Historia, mafi. Hakuna kitu. Na fomu ya website ilikuwa haipokei makala kama sehemu ya "asili ya mji" iko tupu.

Nikafungua picha ya satelaiti. Nikaona zile barabara mbili zinasogeleana, halafu kila moja inaishia kwenye majani. Hazikutani.

Hapo nikakumbuka hadithi ya kwetu. Babu alitusimulia kwamba ukoo wetu ulikuwa na ndugu wawili waliogombania kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto. Mkubwa akavuka mto, hakurudi tena.

Basi nikawapa Wamarekani ndugu wawili. Wakagombania kisima, kila mmoja akachonga barabara yake, wakaapa zisikutane.

Mutua, dereva wa villa ya jirani, alikuwa amekaa nami garini. Nikamsomea.

"Profesa," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "hao ni Wakamba umewavalisha kofia za cowboy."

"Watagundua?"

"Watu mia tatu? Wote wako shambani. Tuma, yalla, madam wako huyo anatoka."

Nikatuma. Zile ndizo sentensi pekee ambazo sikuzihakiki. Ningezihakiki wapi?

Miaka ikapita. Kafili, bosi mwenye kibali changu cha kazi, akanihamishia kwa dada yake Jeddah. Kazi ni ileile, kungoja, ila huku unangoja ukiwa umelowa jasho kwa unyevu wa bahari.

Alasiri moja nilikuwa nje ya kliniki ya meno, namsubiri bosi. Nina tabia ya kurudia makala zangu za zamani kutafuta makosa. Nikautafuta ule mji, nikaangukia tangazo la mji wenyewe.

Walikuwa wanajiandaa kwa sherehe ya kuzaliwa kwa mji. Bango la chuma lingesimamishwa kati ya zile barabara mbili, kuwakumbuka ndugu waliogombania kisima. Watoto wa shule wangefanya igizo. Kulikuwa na picha: watoto wawili wenye ndevu za pamba wamekunja ngumi, katikati yao kisima cha kadibodi.

Nilizima AC. Nikaiwasha tena.

Nikampigia Mutua. Akacheka mpaka akakohoa, kisha sauti ikabadilika.

"Nyamaza, Profesa. Hawakuwa na historia, umewapa. Kuna aliyelalamika?"

"Ni uongo, Mutua."

"Ukisema, website inakufuta. Utarudi kuwa dereva tu kama sisi."

Alijua pa kunigusa. Ile kazi ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho Saudia ambacho hakikuanza na ruhusa ya mtu. Siku nne sikufanya lolote.

Kilichonisukuma ni lile bango. Makala ningeweza kuifuta siku yoyote. Chuma kikishachongwa kimechongwa.

Kwenye tangazo palikuwa na email ya mama mzee anayetunza maktaba yao. Nilimwandikia rasimu kumi na moja. Iliyokwenda ilikuwa na mistari mitano: mimi ni nani, nilidanganya nini, samahani.

Alijibu baada ya siku mbili. Naweka kwa Kiswahili:

"Kijana, kati ya barabara hizo palipita reli. Iling'olewa nikiwa msichana mdogo. Wa umri wangu wote tunajua, lakini tumebaki wanne, na vijana waliwapenda ndugu zako kuliko reli yetu. Hata mimi nilikuwa nimeanza kujitilia shaka. Bango halijachongwa. Ungeniuliza tangu mwanzo ningekujibu. Hao ndugu ni wa wapi hasa?"

Hapo kwenye kujitilia shaka nilipasoma mara nyingi.

Bango lilibadilishwa, likaandikwa reli. Website nikawaambia mwenyewe, wakanifuta siku hiyohiyo. Halas. Sikuwalaumu.

Lakini yule mama alikuwa ameuliza swali, na safari hii sikutaka kujibu kwa kubahatisha. Nikampigia baba.

"Baba, kile kisima cha wale ndugu kilikuwa sehemu gani ya mto?"

"Kisima gani?"

"Walichogombania. Hadithi ya babu."

"Hakuna waliogombana, mwanangu. Yule mkubwa alikwenda mashamba ya mkonge kutafuta kazi. Wakangoja habari zake, hazikuja. Babu yako alichoka kuulizwa, ndipo akaanza kusema waligombana."

Nilikuwa na mwaka wa tano bila kufika nyumbani.

"Hata mimi wananiuliza habari zako," baba akasema. "Niwaambie nini?"

Nikasema bosi anatoka. Hakuwa anatoka.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: ukikuta pengo kwenye historia ya watu, huenda kuna mtu yu hai anayejua palikuwa na nini. Mtafute kabla hujaliziba. Huyo mtu anaweza kuwa baba yako.

Kama kuna mwenye hadithi ya ukoo iliyotungwa kumfunika aliyeondoka, aiweke hapa nisome. Wa kunicheka nao waje, Mutua amewatangulia.

Yule mama nilimjibu ukweli wote. Desemba ile niliomba ruhusa, nikaenda nyumbani, na tangu hapo naenda kila mwaka. Siku hizi naandikia website nyingine, na nisichokijua naandika "haijulikani".