Mama Mkuu na Wasichana Wenye Watoto Mgongoni

Letisia aliongoza chuo cha ufundi cha wanawake huko Naipingo tangu kikiwa darasa moja la tope na nyasi. Hakungoja wanafunzi waje. Akisikia msichana kaachishwa shule kwa mimba, alipanda pikipiki yake mpaka kwao, akakaa mkekani na wazazi, habanduki mpaka wakubali.

Ndivyo alivyompata Amna wa Chinongwe. Baba yake, mzee Bashiri, alikuwa keshamtafutia mume, mtu mzima mwenye wake wawili. Letisia alibishana naye katikati ya mikorosho mpaka sauti ikamkauka, kisha akaondoka na Amna, kichanga mgongoni. Chuoni hapakuwa na mahali pa mtoto. Mama Mkuu, kama wanafunzi walivyomwita Letisia, akamlaza kitandani kwake ili mama yake asome.

Na Amna alisoma kweli. Akawa mwalimu palepale, akaenda chuo kikuu, akarudi na shahada. Bodi ilipomstaafisha Letisia, kiti alipewa Amna. Letisia alipiga vigelegele kuliko wote.

Mwaka haukuisha, msichana mmoja, Zaina, akafika nyumbani kwa Letisia akilia, mtoto mgongoni. Alikuwa amezuiwa kwenye geti la chuo.

Letisia alimshika mkono mpaka ofisini kwa Amna.

"Mama, chuo kimepanda hadhi," Amna alisema bila kuinua macho. "Wafadhili hawataki vichanga mabwenini."

"Na wa kwako alilala wapi?"

Amna aliinuka, akafunga mlango. "Nakuomba, hilo usilitaje hapa. Hawajui."

Letisia aliufungua mlango, akatoka na Zaina.

Akaanza kumfundisha Zaina kushona barazani kwake. Msichana alishika upesi, lakini cheti Letisia hakuwa na uwezo wa kumpa, na bila cheti baba yake hakuona maana. Msimu wa ufuta alikuja kumchukua. Baadaye habari zikafika: Zaina kaozwa Ruangwa.

Siku ya mahafali Amna alimtuma mlinzi kumwita Letisia akae meza kuu.

"Mwambie naumwa," Letisia alijibu.

Hakuwa anaumwa. Alikaa uani akichambua kisamvu, muziki wa mahafali ukimfikia pale alipo, na mpaka sherehe inakwisha hakuna aliyekuja kumjulia hali.