Redio Iliyokataa Kujifunza Kihehe

Mhusika wa kosa hili ni baba yangu mdogo, na sitatafuta mwingine. Wiki iliyopita, mjini Iringa, muuzaji alimhakikishia binti yangu kwamba runinga bapa aliyoichagua inajua lugha nyingi, nami nikaikumbuka alasiri ya utotoni mwangu tuliyokwenda na Bibi na baba mdogo kuchagua redio.

Duka lilinukia mafuta ya taa na vitenge vipya. Bibi, ambaye hakuelewa Kiswahili, alizisogelea redio moja baada ya nyingine akizisalimia: "Kamwene!" Zote ziliendelea na Kiswahili chao.

"Haziitikii salamu. Zimelelewa na nani?" aliuliza, akaanza kutoka.

"Mama, chukua hii ndogo," alisema baba mdogo. "Bado ni changa. Ikikaa na sisi itajifunza Kihehe."

Nilimwamini. Kwa miezi mingi mimi na Bibi tuliisalimia kila asubuhi, na sikuelewa ilikuwaje watoto wa wafugaji waliohamia jirani yetu wakijue Kihehe kabla yake. Leo ninaelewa. Bibi alifariki akiamini kwamba redio ile ilimdharau.

Baba mdogo yupo Ipogolo, mzima wa afya. Ninamtaka atoe maelezo kwa maandishi, yasomwe mbele ya kikao cha ukoo.